Mjomba Mwenye Nyota Mabegani

Ukitaka kuielewa kamandi ya jeshi la anga, usianzie kwenye ndege. Ndege zina kelele nzuri, na kila mgeni anataka kuzipiga picha, halafu anafutishwa picha zake getini. Anzia bohari. Mimi nilikuwa wa bohari: raia, sina cheo, sina kofia, nina kalamu sikioni na tabia ya kuhesabu kabichi zikiwa garini na kuzihesabu tena zikiwa chini. Wakulima wa Mgeta walinizoea. Wenye magunia ya mahindi wa Gairo hawakunizoea kamwe.

"Wewe mtu wa kamandi," mmoja wao aliniambia sokoni, "mbona unahesabu kama umeletewa mahari?"

"Mahari ningehesabu mara moja," nikamjibu. "Magunia ndiyo yana tabia ya kupungua njiani."

Sasa nimestaafu, nakaa mjini Morogoro, upande unaotazama mlima. Watu huniuliza jeshi la anga linaendeshwaje, wakitarajia siri. Siri sina, na ningekuwa nayo nisingeiachia kwa bei wanayotaja. Ninachokijua ni mambo ya kawaida: nani anakaa juu ya nani, nani anamsubiri nani, na siku ile ambayo mpango wote ule, na saluti zake, ulilazimika kupanda Uluguru kwa miguu.

Kamandi yetu ilikuwa ya kanda, na iko bondeni, mahali ambapo sitapataja, ingawa mama muuza chipsi wa njia panda atakuelekeza kwa kijiko bila hata kugeuza shingo. Haikuzaliwa kamandi. Ilianza kama kikosi kidogo kwenye kiwanja cha ndege cha shamba la zamani la mkonge, chenye nyasi katikati na mbuzi wa jirani pembeni. Ofisi ya kwanza ilikuwa nyumba ya meneja wa shamba. Bafuni mle mlikuwa na sinki kubwa la kuogea, nasi tukahifadhia humo matairi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye muda wa kulala ndani ya maji. Baadaye lami ikaja, mabanda ya ndege yakaja, rada ikaja. Siku tulipopandishwa hadhi kuwa kamandi, kitu cha kwanza kuletwa hakikuwa ndege. Kilikuwa meza. Meza ndefu, ya mkutano, iliyokataa kupita mlangoni mpaka tukang'oa fremu.

Juu kabisa anakaa kamanda. Chini yake yuko mnadhimu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha alichosema kamanda kinatendeka, na mara nyingine kuhakikisha kinatendeka kile ambacho kamanda angesema kama angekuwa ameshakunywa chai. Chini yao yanafuata matawi: la kuruka, la ufundi, la rada na ulinzi wa anga, la utawala, la ugavi. Kila tawi linaamini ndilo kamandi yenyewe. Rubani anaamini wengine wote wameajiriwa ili yeye aruke. Fundi anaamini rubani ni abiria aliyepewa kiti cha mbele. Watu wa rada hawasemi wanachoamini, wanakutazama tu kama wameshakuona ukitokea mbali. Sisi wa ugavi hatukuwa na haja ya kuamini chochote. Funguo tulikuwa nazo sisi.

Asubuhi tu ndipo matawi yote yalipoungana. Kabla ndege ya kwanza haijawashwa, watu walijipanga mstari mmoja kwa upana wa njia ya kurukia, wakatembea taratibu macho chini, wakiokota kokoto, misumari, kifuniko cha soda, chochote ambacho injini ingeweza kukivuta ikajiumiza. Kanali alitembea karibu na mpishi. Nimewahi kumsikia mpishi akimwambia kanali, "Afande, umeruka moja hapo," na kanali akarudi nyuma akainama. Kokoto haijui cheo.

Ila jambo moja katika mpango huu raia tuliliona vizuri kuliko wenye nyota mabegani: wao wanapita. Kamanda anakuja, anapaka rangi mawe ya njiani, anajifunza majina yetu, anahamishwa. Anakuja mwingine, mawe yanapakwa rangi nyingine. Ahadi ya kamanda ina umri wa kamanda. Ukitaka jambo lako lidumu, usilifunge kwenye mtu, lifunge kwenye kiti. Niliamini hili ni la jeshini peke yake mpaka nilipokutana na bibi mmoja mlimani.

Shida ilianza na mlima wenyewe. Kamandi ilikuwa na helikopta, na kila masika ilikwenda kuokoa watu waliozingirwa na maji kwenye mabonde ya ng'ambo. Bondeni kwetu mawasiliano yalikuwa safi. Helikopta ikishapita nyuma ya Uluguru, inakuwa bubu. Watu wa redio wanaita, wanaita, mlima unanyamaza. Siku moja rubani alikaa kimya muda mrefu hadi mke wake, muuguzi wa zahanati ya kambini, akaacha wagonjwa akaja kusimama mlangoni kwa watu wa redio, mikono kifuani. Rubani alirudi salama. Lakini hakuna aliyetaka kumwona tena yule dada amesimama pale. Ikaamuliwa: mlingoti wa mawasiliano upandishwe kwenye ukingo wa mlima, juu ambako pande zote mbili zinaonana.

Mnadhimu alipanda mwenyewe na maafisa wake kutafuta mahali. Alikuwa mtu makini, kazaliwa mikoa ya mbali, kule ambako shamba linamfuata baba. Hakunichukua, maana alikuwa anakwenda kutafuta ardhi, si vitunguu. Wakafika kwenye ukingo unaofaa, wakaona nyumba karibu, wakaona mzee wa kiume kakaa barazani. Mwanajeshi akifika mahali anauliza swali moja.

"Mzee, shikamoo. Nani mkubwa wa hapa?"

Sasa nikuulize: mwanamume kakaa nyumbani, wanajeshi wenye nyota mabegani wamesimama mbele yake, mkewe yuko shambani, wanamuuliza kama yeye ndiye mkubwa. Unataka ajibu nini?

"Ni mimi," akasema yule mzee.

Wakakubaliana palepale. Alikuwa mkarimu sana, akawaongezea na kipande ambacho hawakukiomba. Walipigilia vigingi, wakashuka wamefurahi.

Wiki iliyofuata gari la mboga kutoka Mgeta liliingia bohari. Juu ya kabichi kulikuwa na mzigo umefungwa kwa kamba ya mgomba. Vigingi vyetu. Nilivihesabu mara mbili. Havikupungua hata kimoja, na vilikuwa vimeoshwa udongo. Dereva akanipa salamu alizotumwa: "Mama mwenyewe anasema mmesahau vitu vyenu kwenye makaburi yake."

Mimi ni Mluguru wa mjini, yaani Mluguru anayeijua njia ya mlimani lakini anapenda kuliwahi gari la kurudi. Hata hivyo hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwetu ardhi inafuata ukoo wa mama, lukolo. Mwanamume anaoa, anahamia, analima, anazeeka pale, na tuta hata moja si lake. Yule mzee alikuwa mume wa nyumba. Alikuwa ameligawia jeshi shamba la wakwe zake.

Nikaenda kumweleza mnadhimu. Alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hiyo nilifanya mazungumzo na mpangaji," akasema.

"Mpangaji ana mkataba, afande. Yule ana ndoa tu."

Akanituma mimi. Nilipanda na sukari na majani ya chai, maana mikono mitupu mlimani inaonekana kutoka mbali. Yule mama nilimkuta anapalilia maharage. Alikuwa mtu mzima kuliko mumewe, au alibeba umri wake vizuri zaidi. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kusimamisha jembe. Mumewe alituona akakumbuka kazi nyuma ya nyumba.

"Wewe ndiye wa vigingi?" akaniuliza.

"Mimi ni wa bohari, mama. Vigingi vinapita tu kwangu."

Akanipeleka ukingoni. Ni mwembamba pale, mgongo wa mlima umebanwa kama wa ng'ombe aliyekonda, na makaburi ya ukoo wao yamekaa jirani kabisa na pale mlingoti ulipotakiwa kusimama. Ukiweka uzio wa jeshi, makaburi yanaingia ndani. Nilipima kwa hatua zangu, nikarudia nikianzia upande wa pili, nikitumaini mlima utaongezeka. Haukuongezeka.

"Sikatai chuma chenu," akasema. "Mwaka wa mafuriko mwanangu aliokotwa juu ya bati na hiyo hiyo ndege yenu. Najua inafanya nini. Nakataa geti. Nikifiwa, nani anafungua?"

"Kamanda atatoa amri lifunguliwe."

"Huyo kamanda ni wa hapa?"

"Hapana, mama."

"Atazeekea hapa?"

Alikuwa ameniuliza kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakisema bohari kila mwaka.

"Basi akihamishwa," akasema, "nitamuuliza nani? Anakuja mwingine, ananitazama, ananiambia hakuniahidi kitu. Na hatakuwa muongo."

Nilishuka nikamwambia kamanda kila neno. Kamanda wa wakati ule alikuwa mtu mzito wa kusema, mcheshi akitaka. Siku chache baadaye tukapanda naye. Tulikaa na wazee wa ukoo, tukajadiliana mpaka chai ikapoa na kuchemshwa upya. Mimi nilipigania uzio usogee, na nilipata hatua kadhaa upande wa miti. Kuhusu geti hatukusogea. Kamanda alitoa ahadi, akaongeza ahadi, na kila alivyoongeza ndivyo yule mama alivyotikisa kichwa, kwa upole, kama mtu anayeonyeshwa nguo nzuri isiyomtosha.

Mwishowe akasema, "Hebu nikuulize, baba. Kabla yako pale alikaa nani?"

Kamanda akasema alikaa fulani.

"Alichokuwa ameagiza, ulipoingia ulikifuta?"

"Hapana. Amri ya kamanda inabaki mpaka kamanda aifute. Haijalishi nani alikuwa amekaa."

"Kumbe," akasema, akawageukia wenzake. "Na wao wanarithi."

Ndipo akaeleza, na mimi nikawa natafsiri pale alipochanganya Kiluguru. Kwao mkubwa wa ukoo akifa, anayeshika nafasi yake anarithi jina. Analivaa lote: deni la maneno, ugomvi, wajukuu, na undugu wote. Waliomwita marehemu mjomba watamwita mrithi mjomba hata kama wamemzidi umri. Anayekaa kwenye kigoda ndiye yule yule. Na kigoda kimoja cha ukoo wao kilikuwa kitupu. Mjomba wake mdogo alikuwa amefariki, na vijana waliostahili jina walikuwa Dar es Salaam wakiendesha bodaboda, hawataki kusikia habari za mlima.

"Jina hilo tutakiachia kiti chako," akamwambia kamanda. "Si wewe. Kiti. Atakayekaa pale ni mjomba wetu. Mjomba hawezi kuwafungia watu wake makaburi."

Mnadhimu aliinama sikioni kwangu. "Hilo linaruhusiwa?"

"Kwao ndiyo."

"Nauliza kwetu."

"Kwetu tunaliita makabidhiano, afande."

Kamanda aliutazama ukingo. Halafu akasema neno alilotumia mikutanoni jambo likiisha: "Sawa, tuendelee."

Siku ya kumkalisha, mvua ilikuwa imekatika. Walimvisha shuka begani, juu ya nyota zake, wakamketisha kwenye kigoda kifupi hivi kwamba magoti yake yalikaribia kidevu. Wakalitaja jina. Yule mama, ambaye angeweza kumzaa, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

Kamanda alinigeukia. Nimemwona akipokea habari za injini kuzima angani kwa uso mtulivu kuliko ule.

"Itikia, afande," nikanong'ona.

"Marahaba," akasema, sauti ndogo sana.

Aliyepata taabu zaidi ni yule mzee wa vigingi. Kwa desturi mjomba wa mkeo ni mkwe mzito, huchezi naye, hupishani naye njiani. Tangu siku ile, gari la kamandi likionekana linapanda, mzee alikuwa anaingia migombani na kusimama huko mpaka lipite. Mkewe alicheka peke yake jikoni. "Aliwagawia shamba," alikuwa akisema, "sasa awakimbie."

Mlingoti ukasimama, na sajini mmoja akawekwa kulinda geti lake. Masika iliyofuata helikopta ilipita nyuma ya mlima ikiongea muda wote, ikitaja mahali ilipo, nani kapanda, nani mgonjwa, hata rubani akalalamikia chai ya kwenye chupa. Muuguzi hakuja tena mlangoni. Geti lilifunguliwa kila lilipoombwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Halafu kamanda akahamishwa.

Mpango ulikuwa apande na mrithi wake, amkabidhi mlima kama anavyomkabidhi majengo na ndege. Lakini wiki ile mvua ilikata barabara, na makao makuu hayasubiri barabara. Yeye akaondoka. Mpya akaingia: mwembamba, rubani wa kweli, kijana kwa makamanda, anayesoma kila kitu kabla ya kusaini. Nilimheshimu kwa hilo, nami ndivyo nilivyo. Akaagiza kwamba hadi atakapomaliza kusoma, vituo vyote vya nje visiingize raia bila idhini yake mwenyewe. Agizo zuri. Lilipanda mlimani kwa redio siku hiyo hiyo.

Siku ya pili yake, asubuhi, nikiwa bohari, simu ikalia. Ni yule mama.

"Mdogo wangu amefariki alfajiri," akasema. "Wachimbaji wako getini na majembe. Sajini anasema hapana."

Mdogo wake wa kike, tumbo moja. Sisi Waislamu hatuweki maiti. Ilibidi azikwe siku ile, na kaburi la mlimani halichimbwi kwa saa moja, mawe ni mengi. Nikakimbia kwa mnadhimu. Yule yule wa vigingi. Naye alikuwa anangoja uhamisho wake. Hakuuliza swali, alimpigia sajini palepale: waruhusu waingie, waandike majina kwenye kitabu cha wageni.

Nikapumua. Simu ikalia tena.

"Sisi si wageni," akasema. Hakupandisha sauti. "Mwambie mjomba aje."

"Mama, geti limefunguliwa. Ingieni mchimbe, maneno tutayamaliza baadaye."

"Leo nikiandika jina langu kwenye kitabu cha wageni, kesho mwanangu ataomba ruhusa, na mjukuu wangu atakataliwa. Sichimbi. Tunakaa hapa hapa."

"Na marehemu?"

"Marehemu ananisikia. Angesema hivyo hivyo."

Nimejadiliana bei na watu wengi. Najua sauti ya mtu anayengoja umwongezee, na najua sauti ya mtu aliyemaliza. Nikaingia kwa kamanda mpya bila miadi, mnadhimu nyuma yangu. Tulimweleza, mara huyu mara yule. Alitega sikio mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni mjomba wa mtu nisiyemjua," akasema.

"Wa ukoo mzima, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokaa kwenye hicho kiti."

Alikitazama kiti kana kwamba kingejitetea. "Mtangulizi wangu alinitajia kwenye simu. Nikadhani ananitania. Haya ni makubaliano ya kimila, hayanibani kisheria."

"Hayakubani," nikasema. "Afande, nikuulize kitu cha bohari?"

"Uliza."

"Jana ulipiga saini kupokea ndege ambazo hukuzinunua, na mafundi ambao hukuwaajiri, na kesi moja ya ng'ombe waliogongwa njiani kabla hujafika. Hukusema hayo hayakuhusu."

"Hayo ni ya kamanda."

"Na huyu marehemu pia."

Mnadhimu alikohoa. Alikuwa mtu wa nidhamu, sijawahi kumsikia akimsogeza mkubwa wake hata inchi. Siku ile alisema, "Afande, mimi nilishawahi kuuliza nani mkubwa wa pale nikajibiwa vibaya. Usinifanye niulize mara ya pili."

Kamanda aliinuka, akachukua kofia.

"Helikopta itatufikisha kwa dakika chache," akasema.

"Itapeperusha msiba wote, afande. Twende na gari, pale lilipokatika tutatembea."

Mnadhimu alibaki kushika ofisi, mimi na kamanda tukatembea. Udongo ule mwekundu ukilowa haukubali kiatu cha kung'aa. Alianguka mara moja, akainuka bila kusema kitu, na mimi sikuona kitu. Njiani aliniuliza mambo mfululizo: amwiteje, akae wapi, asiseme nini. Nilimjibu kila swali, naye akarudia kila jibu ili nimsahihishe, kama marubani wanavyorudia maelekezo ya redioni. Nikaanza kuwa na matumaini.

Getini walikuwa wamekaa chini, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, majembe yamelazwa kwenye nyasi. Geti lilikuwa wazi kabisa. Hakuna aliyeingia. Sajini alikuwa amesimama kando yake kama mtu aliyeandaa chakula kikakataliwa. Alipiga saluti kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Yule mama aliinuka. Alimtazama kamanda kuanzia kofia hadi matope ya magotini.

"Umechelewa, mjomba," akasema.

Nilijua analolifanya. Hakumpokea kama mtu mpya. Alimsemesha kana kwamba ndiye aliyeketi kwenye kigoda siku ile, ndiye aliyekunywa chai, ndiye mwenye maneno yote yaliyosemwa pale. Angejibu "mimi mgeni hapa, mama," neno hilo moja lingetosha, na wale watu wangebeba majembe yao kurudi nyumbani, na sijui maiti ingezikwa wapi.

Kamanda alivua kofia.

"Nimechelewa," akasema. "Njia ilikuwa mbaya. Poleni kwa msiba."

Watu walijibu kwa mnong'ono mmoja mrefu. Mama akachukua jembe kwenye nyasi, akampa mkononi. Hili sikuwa nimemweleza njiani, kwa sababu nilikuwa nimelisahau: mjomba ndiye anayepiga jembe la kwanza. Alinitupia jicho. Nikaonyesha kwa kidevu mahali palipowekwa alama. Akapita geti, na ukoo mzima ukapita nyuma yake, na sajini akakifunika kile kitabu taratibu.

Alichimba kama alivyofunzwa jeshini, kwa pembe nne kali na udongo wote upande mmoja. Watani wa marehemu walikuwepo, na mtani msibani hana adabu.

"Mjomba, unachimba kaburi au handaki? Nani anatushambulia?"

"Mwacheni, anatafuta maji."

"Wa kwanza alikuwa mnene, huyu amekonda. Huko bondeni hawampi chakula?"

"Chakula kinapita kwa yule wa bohari," mmoja akaninyooshea kidole. "Akishahesabu mara mbili kinabaki nusu."

Hata yule mzee wa vigingi alicheka, huko mbali migombani alikojificha, tulimsikia. Vijana wakampokea kamanda jembe, mawe yakaanza kutoka, na mimi nikabeba udongo na karai mpaka mgongo ukanikumbusha umri. Tulizika baada ya alasiri, jua likiwa bado liko juu ya mlima.

Tulipokuwa tunanawa mikono, sajini alitoka kwenye kibanda cha redio chini ya mlingoti. Mnadhimu alikuwa anaita kutoka bondeni. Kamanda akaingia, mlango ukabaki wazi, na chombo kile kilikuwa na sauti safi ajabu. Sote tulisikia. Mnadhimu aliuliza kama gari limsubiri pale barabara ilipokatika, maana jioni ile kamanda alikuwa na kikao na matawi yote.

Kamanda alibonyeza kitufe.

"Kikao kiongoze wewe," akasema. "Mimi nimefiwa. Nitarudi kesho."

Kulikuwa na mkwaruzo mfupi wa hewa, kisha sauti ya mnadhimu: "Nimepokea. Pole sana, afande."

Yule mama alikuwa amesimama nje ya kibanda, birika mkononi. Akawageukia wanawake, akawaambia waongeze mkeka mmoja upande wa wanaume, na sufuria ya pili iwekwe motoni.